Darasa Lianzie Sokoni: Ushauri kwa Walimu, Wazazi na Viongozi wa Songwe

Ukitaka kuwafundisha watoto wa Tunduma kuipenda na kuilinda ardhi yao, usianze na picha ya simba. Picha hiyo wameshaiona kwenye vitabu, kwenye kalenda na kwenye noti ya shilingi 2,000, na kila wanapoiona wanajifunza jambo ambalo hatukulikusudia: kwamba mazingira yanayostahili kulindwa yako Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, wanakokwenda watalii, na kwamba hapa kwetu kuna barabara, malori, forodha na mashamba tu. Mtoto mwenye fikra hiyo hataona ubaya wa kijito kilichojaa chupa nyuma ya nyumba yao. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kijito kile nacho ni mali.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao. Elimu ya mazingira mkoani Songwe ianze na kile ambacho mtoto anakila, anakinywa, anakichoma motoni na anakikanyaga njiani. Halafu alichojifunza kifikishwe mahali panapofanyika maamuzi, yaani kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa. Klabu ya mazingira isiyofika huko hubaki kuimba ngonjera siku ya mahafali.

Nianze na chakula. Katika soko la Tunduma hupita bidhaa ambayo ingetosha kuwa somo la muhula mzima, nayo ni chikanda. Kwa msomaji asiyeijua, chikanda ni chakula kinachopikwa kwa unga wa viazi vya okidi za porini, pamoja na karanga zilizotwangwa, pilipili na magadi, kikaachwa kishikane na kukatwa vipande. Zambia kinapendwa sana, mijini na vijijini. Okidi za kwao zilipopungua, wanunuzi waligeukia upande wetu. Viazi vinachimbwa kwenye nyanda za majani za Nyanda za Juu Kusini, vinatiwa kwenye magunia, na Tunduma ndiyo lango la kutokea. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha utafiti uliokadiria kwamba viazi vinavyovuka kwenda Zambia vingeweza kufikia milioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ule unaoitwa Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, ukawa hifadhi ya taifa, na okidi zake ni sehemu kubwa ya sababu. Kwa hiyo hifadhi ile ambayo mtoto wa Tunduma anaisikia redioni ina uhusiano wa moja kwa moja na gunia lililoegemea ukuta wa soko anakotumwa nyanya.

Mwalimu, nunua viazi vichache uviweke juu ya meza. Mmea mmoja wa okidi hizi huwa na viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka uliopita: kimesinyaa, kimekuwa cheusi, kwa sababu mmea umekitumia kusimamisha shina na kuchanua. Cha pili ni kipya, kigumu, cheupe kikikatwa, nacho ndicho akiba ya mwaka unaokuja. Mnunuzi anakitaka hicho cha pili. Mchimbaji akishakitoa, mmea hauna pa kuanzia tena. Tungesema basi zipandwe mbegu, lakini mbegu za okidi ni ndogo kiasi cha kupeperuka kwa pumzi, hazina chakula ndani yake, na haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu maalumu walioko kwenye udongo wa mahali pale. Ndiyo maana hakuna mkulima mwenye tuta la chikanda kama alivyo na tuta la viazi mviringo. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuyaelewa haya yote kwa kipindi kimoja, akiwa na kiazi mkononi.

Hapa niseme jambo ninaloliona muhimu kuliko somo lenyewe. Mama anayeuza chikanda asigeuzwe mhalifu mbele ya watoto. Analisha familia, na huenda mtoto wake yumo darasani humo. Mwalikeni shuleni, au nendeni kwake kwa adabu saa ambayo soko limepoa, mkamuulize: mzigo wa mwaka huu umetoka wapi, na miaka kumi iliyopita ulitoka wapi? Wafanyabiashara wa chikanda wanajua kuliko afisa yeyote ni bonde lipi limekwisha na lipi bado linatoa. Atakapotaja majina ya mahali, watoto wayaandike na wayatafute kwenye ramani. Wataona wenyewe mzigo unavyozidi kutoka mbali. Wanafunzi wa sekondari waelezwe pia kwamba okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Waelezwe kama taarifa, bila vitisho.

Baada ya chikanda, nendeni kwenye uyoga. Mvua zikishakolea kati ya Desemba na Februari, barabara ya kutoka Mlowo hadi Tunduma huwa na wauzaji wenye mabeseni ya uyoga. Watoto waupange kwa mahali ulipoota: ule wa kwenye vichuguu, ambao hulimwa na mchwa chini ya ardhi, na ule unaoota chini ya mitundu na miti mingine ya miombo. Huu wa pili hauwezi kuishi peke yake. Nyuzi zake zimefungamana na mizizi ya mti. Uyoga unausaidia mti kupata maji na madini, mti unaulipa uyoga kwa sukari inayotengenezwa na majani. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa, uyoga wa mahali hapo nao unaondoka. Sasa somo la mkaa halihitaji tena bango la "Tusikate Miti". Mtoto anajua gunia la mkaa limekula nini kingine. Ila msile uyoga wowote mlioukusanya mpaka mtu mzima anayeujua vizuri, kwa kawaida bibi wa kijijini, ameukagua mmoja mmoja. Uyoga wenye sumu upo, na huua.

Maji ndiyo somo ambalo mkoa huu umejaliwa kuliko mingi, na sijui kwa nini hatulitumii. Nchi inayozunguka Tunduma na Ileje ni paa la nyumba: mvua ileile moja ikinyesha juu yake, matone yanagawanyika kwenda pande ambazo hazitakutana tena. Tuna mito miwili yenye jina la Songwe. Mmoja unaelekea kaskazini hadi Ziwa Rukwa. Mwingine unapita mpakani na Malawi, wilayani Ileje, hadi Ziwa Nyasa. Mto Momba nao unatoka upande wa Zambia, ambako unaitwa Saisi, unapita kwetu na kumwaga Rukwa. Rukwa haina mto unaotoka. Maji yakifika pale yanaondoka kwa njia ya mvuke tu. Yaliyoingia Nyasa yanaendelea na Mto Shire, yanaingia Zambezi na kufika Bahari ya Hindi kupitia Msumbiji. Na ng'ambo ya mpaka, kupita mji wa Nakonde, katika nyanda za kaskazini mwa Zambia, kuna vijito vya Chambeshi, mto ambao ndio mwanzo wa mbali kabisa wa Mto Kongo. Maji ya huko yanapita Bangweulu, Luapula na Mweru, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki.

Mchoreeni mtoto ramani hiyo uwanjani kwa majivu, aikanyage kwa miguu, amwage maji ya kopo penye mgawanyiko. Halafu mpelekeni kwenye kijito cha karibu, chochote kile, hata kama kimechafuka, mkifuate kwa kupanda kuelekea kwenye chanzo chake. Safari ya saa mbili inatosha. Chukueni chupa mbili zinazoonyesha ndani. Jazeni moja mahali ambapo kingo bado zina miti, nyingine mahali ambapo shamba limefika ukingoni. Ziacheni dirishani mwa darasa usiku kucha. Asubuhi tope lililotua chini ya kila chupa litakuwa limesema yote, na mtapima unene wake kwa rula.

Kuna zoezi jingine ninalolipenda zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au ziwa. Watu wazima wengi wameisikia namba hiyo, lakini wachache wanajua ni umbali gani wakisimama. Tengenezeni kamba ya mita 20, muifunge fundo kila mita tano. Mtoto mmoja ashike ncha ukingoni, mwingine atembee kwenda juu. Rudieni mara tatu. Mahali watakaposimama ndipo mita 60. Kisha wachore kwenye daftari nini kipo katikati: kinyungu cha mboga, tofali zinazochomwa, choo, mikaratusi, kichaka, mifugo.

Zoezi hilo likiendeshwa vibaya linavunja nyumba. Vinyungu vile ni vya wazazi wao, na ndivyo vinavyowapa mboga na ada wakati wa kiangazi. Mtoto asitumwe nyumbani kumkemea baba yake, wala orodha ya majina isiandikwe. Kinachoandikwa ni hali ya mto, si mwenye shamba. Michoro ikishakusanywa, mwalimu na watoto wawili au watatu waipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, waombe iwe ajenda kwenye mkutano, na wazungumzaji wawe watu wazima. Kama eneo lenu lina jumuiya ya watumia maji, wapeni nakala. Nakala nyingine inaweza kwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, kwa wale ambao maji yao yanaelekea huko. Walio upande wa Ileje wako chini ya bonde la Ziwa Nyasa. Mtoto atakapoona kwamba mchoro wake umejadiliwa na wazee, hatahitaji kuambiwa tena kuwa mazingira yanamhusu.

Mara nyingi mjadala huo huishia kwenye kupanda miti, na hapa nina ugomvi wa muda mrefu na kalenda. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa Aprili 1. Kwa mikoa yenye mvua za masika za Machi hadi Mei, tarehe hiyo ni nzuri. Sisi Songwe tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mche uliopandwa Aprili 1 hapa kwetu unapata wiki chache za unyevu, kisha unakabidhiwa kiangazi cha miezi sita chenye upepo, mbuzi na moto. Halafu tunasema wananchi hawatunzi miti. Pandeni Desemba, au mwishoni Januari. Aprili 1 itumieni kuhesabu: kila mtoto asimame kwenye mche wake, aseme uko hai au umekufa, na kama umekufa aseme kwa nini. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani. Miche omba kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, au kwa afisa maliasili wa halmashauri, na uombe mapema, kabla mvua hazijaanza. Kwenye vyanzo vya maji msipeleke mikaratusi hata kama ndiyo iliyopatikana kwa wingi; inakunywa sana. Mivengi, mikuyu na mizambarau ya porini ndiyo inayofaa hapo.

Hata hivyo, njia ya bei nafuu kuliko miche yote tayari iko ardhini. Miti ya miombo ikikatwa haifi, kisiki kinachipua. Dodoma wakulima wengi wameijua njia hii kwa jina la kisiki hai. Unachagua kisiki chenye uhai, unahesabu machipukizi yake, unabakiza mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unayakata kwa kisu kikali karibu na shina. Unapogoa matawi ya chini ya yale uliyobakiza, unafunga kitambaa chenye rangi ili mchunga ng'ombe na mkata kuni wajue kwamba kisiki hiki kina mwenyewe. Unarudi baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya. Hakuna kumwagilia, kwa sababu mizizi ni ya mti mzima tayari. Mpeni kila mwanafunzi kisiki kimoja kwenye eneo la shule au njiani anakopita. Mkoani Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha uoto kwenye maelfu ya hekta kwa kuhuisha ngitili, yaani maeneo ambayo Wasukuma walikuwa wakiyafunga tangu zamani ili majani na miti vipone. Ardhi iliachwa ipumzike, na wenyeji wakasimamia kwa sheria zao.

Sheria za wenyeji ndizo zinazonirudisha kwa wazee. Songwe ni nchi ya Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Walambya, Wamalila, Wabungu na wengine, na kila lugha ina majina ya miti, ndege na nyasi ambayo Kiswahili cha shuleni hakina. Majina hayo yanazikwa na wazee kila mwaka. Klabu ifungue daftari kubwa la kurasa ngumu: jina la mmea kwa lugha ya nyumbani, jina la Kiswahili kama lipo, unapoota, unatumika kufanyia nini, na nani ametuambia. Kila ukurasa ubandikwe jani lililokaushwa katikati ya magazeti chini ya tofali. Mzee anayetoa majina aheshimiwe kama mwalimu: aketi kwenye kiti, watoto wamwamkie shikamoo, apelekewe sukari na sabuni. Kama anataja kichaka cha matambiko au makaburi ya machifu, msiingie mpaka aruhusu, na akiweka mwiko mfuate. Vichaka vingi vya namna hiyo vimebaki na miti ambayo imekwisha kwingine kote, na kilichoivusha ni mwiko. Viongozi wa dini wasiogope ziara hizo. Hakuna anayemtaka mtoto abadili imani kwa kujifunza jina la mti.

Kuhusu ruhusa na usalama nitasema kwa ufupi, ila msipite haraka. Mwalimu mkuu ajue kwa maandishi, afisa elimu kata apate taarifa, ofisi ya kijiji au mtaa mnakokwenda ipewe tarehe, na mzazi asaini. Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, na mmoja wao awe mwenyeji wa eneo hilo. Viatu vya kufunika mguu. Mkono usiingie kwenye shimo au chini ya gogo, kwa sababu ya nyoka. Watoto wasioge wala kukanyaga maji yaliyotuama, kwa hofu ya kichocho, na mwambao wa Rukwa pamoja na mito inayoingia humo una mamba na viboko, kwa hiyo huko somo linafanyika mbali na maji. Anga likianza kunguruma, rudini. Radi za Nyanda za Juu Kusini zimeua watu chini ya miti. Karibu na mpaka wa Zambia au Malawi, waarifuni polisi au uhamiaji kabla, na msivuke alama za mpaka hata kama wenyeji wanavuka kila siku. Msimu bora wa matembezi marefu ni Mei hadi Julai, njia zikiwa zimekauka na majani hayajachomwa moto.

Moto wenyewe ni somo. Anayechoma Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, anaua machipukizi na miti michanga. Anayechoma mapema, Mei au Juni, palepale panapohitajika, anapata moto mdogo unaozimika jioni. Watoto waonyeshwe maeneo mawili ya namna hiyo baada ya mvua za kwanza, wahesabu miche iliyoota yenyewe katika hatua kumi kwa kumi.

Kwa shule zenye uwezo wa kukodi gari mara moja kwa mwaka, ziara iwe Kimondo cha Mbozi, kijijini Ndolezi. Hiki ni kipande cha chuma kilichotoka angani, chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na asilimia 8 hivi ni nikeli. Wenyeji walikijua kabla ya mpimaji William Nott kukitolea taarifa mwaka 1930, kikiwa kimezama ardhini. Udongo ulichimbwa kukizunguka ili kionekane chote. Tangu mwaka 1967 kinalindwa kama kumbukumbu ya taifa. Waacheni watoto wakiguse kama wasimamizi wanaruhusu, watafute alama za msumeno mahali watu walipokata vipande. Kisha waambieni habari ya kimondo cha pili, ambayo wengi mkoani hawajaisikia. Desemba 16, 1938, jiwe dogo jeusi lilianguka Ivuna, katika sehemu ya uwanda wa Rukwa ambayo leo iko wilaya ya Momba. Lilikuwa na uzito wa gramu 705 tu. Wanasayansi waliliona kuwa la aina adimu mno, lenye maji na kaboni ya tangu jua lilipoumbwa, na aina hiyo ikapewa jina la Ivuna. Chombo cha Wajapani Hayabusa2 kilipoleta udongo wa sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, watafiti waliufananisha na aina ya Ivuna. Kijana wa Kamsamba au Msangano anastahili kulijua hilo kabla hajajua urefu wa Mlima Everest.

Najua wapo watakaosema: sisi tuko mjini kabisa, hatuna msitu wala kijito. Tunduma ilikuwa na watu zaidi ya laki mbili katika sensa ya 2022, na baadhi ya shule uwanja wake ni vumbi na uzio. Hapo anzeni na mvua. Kateni chupa ya maji ya lita moja na nusu, mpindue sehemu ya juu iingie ndani kama faneli. Kwa kuwa chini ya chupa pamebonyea, wekeni changarawe na maji hadi mfikie mahali ambapo ukuta wa chupa umenyooka. Hapo choreni mstari wa sifuri na mbandike rula. Iwekeni mbali na paa na miti. Kila siku saa tatu asubuhi mtoto wa zamu asome, aandike, na arudishe maji kwenye sifuri. Mji wetu umelalamika shida ya maji kwa miaka mingi. Daftari la mvua la misimu mitano mfululizo, lisilokosa siku, ni kitu ambacho mkulima wa kahawa wa Mbozi na mhandisi wa maji wote watataka kukiona. Ongezeni pipa la kuvunia maji ya paa, na miti minne ya kivuli, na kuhesabu ndege kwa dakika kumi kila Ijumaa.

Klabu hufa kwa sababu moja kuliko nyingine zote: mwalimu mlezi anahamishwa. Kwa hiyo isiwe ya mwalimu mmoja. Wawe walezi watatu, walimu wawili na mwananchi mmoja asiyehamishwa, mfugaji nyuki, muuguzi aliyestaafu, fundi, yeyote anayeheshimika. Daftari na kamba vikae ofisini, si nyumbani kwa mtu. Klabu za Malihai zipo nchini tangu mwaka 1980, na Roots & Shoots ya Jane Goodall ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12; kujiunga nazo kunawapa watoto wenzao wa kuandikiana. Lakini msisubiri barua ya mtu ndipo mwende mtoni.

Na kama kijiji chenu bado kina kipande cha miombo, hata kidogo, nendeni hatua ya mwisho. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuandika sheria ndogo na kuusimamia chenyewe. Njia hii ilitokana na watu kama wanavijiji wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikataa msitu wao uchukuliwe na serikali, wakaonyesha kwamba wanaweza kuulinda bila mshahara wa mtu. Inahitajika kamati ya maliasili, mpango wa matumizi, ramani, na mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Ruhusuni ndani yake mizinga ya nyuki, uyoga, kuni za matawi yaliyoanguka, kwa sababu msitu ambao mwananchi hapati kitu humo hautalindwa usiku. Mchoma mkaa aitwe kwenye kikao tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye anayeujua msitu ule kona kwa kona. Na orodha ya miti iliyoandikwa na watoto iwe kiambatisho cha mpango huo.

Mvua za kwanza zinaanza Novemba. Wewe mwalimu au mzazi unayesoma haya, wiki hii mtafute mwenyekiti wa kijiji au mtaa wako, mwombe siku moja ya kuwapeleka watoto kwenye chanzo cha maji mnayokunywa, na ununue kamba ya mita 20.